Maksai Aliyepewa Mgodi

Kilima chenye shimo kiko nyuma ya nyumba yangu. Ukisimama jikoni kwangu unakiona chote, kuanzia vichaka vya chini mpaka yale mawe makubwa ya juu yaliyobebana. Wageni wakitoka Bariadi mjini kuja kunisalimia huuliza, bibi, shimo hili alichimba nani? Nawajibu: walichimba Wazungu, wakatafuta fedha, wakaondoka. Wakaja ndugu zetu, wakatafuta fedha, wakaondoka. Aliyefaidika na shimo ni mimi, na nilichopata ni ng'ombe aliyekuwa wangu tangu mwanzo. Wanacheka, wanadhani natania. Mimi si mtu wa utani. Nimesoma mpaka darasa la pili, nikamalizia kwa elimu ya ngumbaru, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa aende akalime.

Nilipoolewa hapa, mgodi ulikuwa umekufa zamani. Habari zake nilipewa na mama mkwe wangu, kidogo kidogo, tukikata viazi vya michembe, vya kukausha juani, uani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkono wake haukosi kazi, na hakuwa anaeleza jambo mpaka nawe ushike kisu ukate naye.

Alisema yeye akiwa bibi harusi alikuja Mzungu na hema na nyundo. Akakaa chini ya kilima akivunja mawe na kuyanusa. Watu wakamhurumia, wakampelekea maziwa. Kumbe anajua anachonusa. Ndani ya kilima kulikuwa na mkanda wa jiwe jeusi, zito kupita kiasi, na ukilipasua linang'aa kama sufuria mpya. Ndani ya jiwe hilo, Mzungu akasema, kuna madini mawili, risasi na fedha. Basi wakaja wenzake na malori na mashine ya moshi. Wakachimba shimo la kwenda chini moja kwa moja, wakajenga juu yake mnara wa magogo wenye gurudumu la chuma la kuvutia kamba. Baba mkwe wangu akaandikwa kazi ya kusukuma toroli kwenye reli. Mawe yakawekwa kwenye magunia, magunia kwenye malori, malori yakaenda stesheni ya Malampaka, na kutoka hapo hakuna aliyejua.

"Mayu, na hiyo fedha mliiona?" nilimuuliza siku moja, mayu maana yake mama.

"Tuliona magunia," akasema. "Kata viazi."

Wazungu walizungusha nguzo za zege kuonyesha mpaka wa mgodi. Mstari mmoja wa nguzo ulishuka mpaka bondeni ukameza shamba la baba mkwe, shamba zuri la udongo mweusi. Wakamwambia asilime tena. Mwaka mmoja akapanda mtama ndani ya nguzo, wakaung'oa mbele ya macho yake, na jioni yake akaendelea kusukuma toroli lao kwa sababu kodi ilikuwa inadaiwa.

Kilichowaondoa ni maji. Walipofika chini sana walitoboa mshipa wa maji, na mashine yao ikawa inavuta maji kuliko mawe. Halafu wakasema huko kwao bei ya risasi imeanguka. Kiangazi kimoja wakafunga mashine yao kwenye lori wakaenda. Baba mkwe hakusubiri hata vumbi la lori litulie. Alichukua jembe akaingia shambani kwake, na shamba limekuwa letu tangu hapo. Nguzo zikabaki. Sisi tulizitumia kufungia mbuzi.

Vingine viliokotwa. Mhunzi alichukua reli akafua majembe, na jembe langu la kwanza la kuolewa lilikuwa la reli ya Mzungu, halikuisha haraka. Wavuvi wa Kalemela, kule ziwani, walikuwa wanakuja na punda kubeba mawe yaliyoachwa, wanayayeyusha kupata vipande vya kuzamishia nyavu. Gurudumu tu ndilo halikuchukuliwa, lilikuwa zito mno. Na mama mkwe alituwekea sheria: mtoto asicheze kwenye vifusi, na maji ya shimo asinywe mtu wala ndama. Mbuzi waliolamba lile vumbi walivimba matumbo wakafa. Sheria hiyo naishika mpaka leo, na mjukuu anayeivunja anajua kitakachompata.

Sasa nije kwenye miaka ya ruksa. Ndivyo tulivyoiita. Kabla yake tulifulia nguo kwa majani ya mpapai na kushona kiraka juu ya kiraka. Halafu ghafla sabuni ikarudi dukani, mitumba ikamwagwa chini mnadani kama mahindi, na wanunuzi wa pamba wakaanza kuja wa kila sura, kila mmoja na mizani yake. Kila kilichokuwa marufuku kikawa ruksa. Mume wangu alijinunulia koti zito la baridi, la nchi za theluji, akalivaa kiangazi kizima. Jasho linamtoka, anasema ni ruksa.

Mume wangu alikuwa mtu mwema, mcheshi, bingwa wa ngoma, na shambani alikuwa hana faida. Mimi ndiye niliyeshika plau. Wanaume walinicheka, mwanamke kulima na ng'ombe, nikawaacha wacheke. Nilikuwa na maksai wawili. Mmoja mwekundu, wa kawaida. Mwingine alikuwa mweusi kuanzia kwato mpaka pembe, hana doa hata la ukubwa wa punje ya mtama. Huyo nilimlea mwenyewe tangu ndama, mama yake alipokufa, na nilimfundisha nira mwenyewe. Hakumsikiliza mtu mwingine. Mume wangu akimwita anageuza kichwa kutazama kama mimi nimeruhusu. Pamba yote iliyowavisha wanangu ilitoka mgongoni kwa ng'ombe huyo. Bila yeye yule mwekundu hakujua hata aanzie wapi.

Kiangazi kimoja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akarudi kutoka machimbo ya dhahabu. Aliingia uani amevaa buti za mpira na kofia ngumu.

"Mwadila, shemeji!"

"Mwadila. Buti hizo umemvua nani?"

"Buti za kazi, shemeji. Mimi sasa ni mtu wa madini. Sasa hivi kuchimba ni ruksa, hata sisi wadogo."

"Na shamba lako?"

"Shamba langu liko pale," akanyoosha kidole kilimani. "Duara lile. Unafikiri Wazungu waliacha kwa sababu fedha imekwisha? Waliacha kwa sababu ya maji. Fedha imelala chini ya maji."

"Kama imelala usiiamshe," nikamwambia. Lakini alikuwa ameshamgeukia kaka yake, na nikaona macho ya mume wangu ndani ya lile koti yameanza kung'aa.

Duara ndilo neno la wachimbaji la shimo. Ndani ya muda mfupi nusu ya wanaume wa kijiji walikuwa wanalitamka. Walikusanyika kilimani na ndoo na kamba, wakaanza kuchota. Walichota mchana kutwa, na asubuhi wakakuta maji yamerudi palepale. Wakachota tena. Wake zao tuliwapelekea uji chini ya kilima tu, maana shemeji alikuja na miiko yake ya machimbo: mwanamke hakaribii duara, na mtu hapigi mluzi karibu na duara. Sisi hatukulalamika. Kupanda kilima na sufuria ni kazi.

Maji yalipowashinda, wakasema kilima kimekataa. Wakachukua kuku wakaenda kwa mfumu. Kwetu mfumu anampasua kuku na kusoma ndani yake kama vile mwalimu anavyosoma ubao. Huyu alikuwa mwanamke mzee, mzee kuliko hata mama mkwe, na sijawahi kumwona akicheka. Mimi nimebatizwa, naimba kwaya. Lakini niliolewa kwenye boma lenye masamva, mizimu ya ukoo, na ukiolewa kwenye boma unaolewa na vyote vilivyomo.

Jioni mume wangu alirudi akakaa kula ugali taratibu. Nikajua kuna jambo. Yule mtu hakuwahi kula taratibu.

"Sema," nikamwambia.

"Mama watoto, kilima kimesema Wazungu walichukua bila kuomba. Kimekasirika."

"Kina haki."

"Kinataka kutulizwa."

"Kitulizeni."

"Kinataka ng'ombe." Akameza tonge. "Mweusi. Asiye na doa."

Nilinyanyuka nikamwondolea mboga. Katika kijiji chote ng'ombe mweusi asiye na doa alikuwa mmoja.

"Nitakupa wengine wawili," akasema. "Tukipata fedha nitakupa hata kumi."

"Hao kumi atawafundisha nira nani? Wewe na koti lako?"

"Usinidhihaki mbele ya mboga."

"Mboga ni zangu. Na ng'ombe ni wangu. Mvua ikinyesha mtavuta plau wewe na mdogo wako, mmoja kushoto mmoja kulia."

Alicheka, hakuweza kujizuia, ndivyo alivyokuwa. Lakini kucheka hakukubadilisha neno. Kijiji kizima kilikuwa kimeshakubali, na ukimnyima ng'ombe yule, kila baya litakalotokea, mtoto akiumwa, mvua ikichelewa, litakuwa la kwako.

Mama mkwe alikuwa pembeni anachambua choroko. Mume wangu alipotoka akasema bila kuinua kichwa, "Ng'wanawane, mwanangu, vitu vya masamva si vyote vinachinjwa. Vingine vinawekwa."

Sikulala vizuri, lakini nililala nikiwa na jibu. Kwetu kuna njia mbili za kumpa mzimu mnyama. Unaweza kumchinja, watu wakala. Au unaweza kumweka wakfu akiwa hai: anapuliziwa maji ya unga, anafungwa ushanga, anabaki zizini mpaka afe kifo chake. Anakuwa wa masamva. Hachinjwi, hauzwi, hatolewi mahari. Njia zote mbili ni halali. Wanaume walichagua ya kwanza kwa sababu ya pili haina supu.

Siku ya kutoa ng'ombe nilimpeleka mwenyewe, kamba mkononi, mpaka nusu ya kilima. Nikakuta sufuria zimeshapangwa, kuni zimeshawashwa, na shemeji ananoa kisu.

"Karibu shemeji! Leo tumekubali mwanamke afike hapa kwa heshima ya ng'ombe."

Nikapita kama sijamwona, nikapiga magoti mbele ya mfumu. "Mwangaluka, mayu. Nimeleta ng'ombe wa kilima. Naomba awekwe akiwa hai."

Wanaume wakaacha kuchochea moto. Mmoja nyuma akasema, "Na kuni hizi?"

Mfumu akamtazama ng'ombe muda mrefu, akazitazama sufuria. "Mlikuja na kuku mkauliza kilima kinataka nini," akasema. "Hakuna aliyeuliza anatolewaje. Na bado naona mmeleta mpaka chumvi."

Basi akamweka. Akachukua unga wa mtama ndani ya kibuyu cha maji, akampulizia mgongoni kwa mdomo, akamfunga ushanga mweupe kwenye pembe. Shemeji akarudisha kisu alani kwa uso wa mtu aliyefiwa. Mimi moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma, usoni nimekaza kama kawaida.

Ndipo mfumu akanigeukia. "Umemwokoa na kisu," akasema. "Sasa sikiliza. Kuanzia leo huyu ni wa kilima. Hapigwi. Hafungwi nira kwa kazi ya mtu. Akifanya kazi, ni kazi ya kilima tu."

Hapo moyo ukaacha kucheza. Nilikuwa nimefikiria kisu tu, plau sikuifikiria. Nilirudi nyumbani na ng'ombe hai asiyeweza kulima, na nyuma yangu nasikia shemeji anacheka mpaka anakohoa. "Shemeji! Umepata ng'ombe wa urembo!"

Nilitaka kumrushia jiwe, lakini alikuwa na kofia ngumu.

Maji yalikuwa bado yako ndani ya duara, na wanaume walikuwa na kilima kilichotulia na mikono iliyochubuka. Ni mume wangu aliyetazama lile gurudumu la Wazungu juu ya mnara akapata akili. Nampa haki yake. Akasema, ng'ombe ni wa kilima, afanye kazi ya kilima, avute maji. Wakabadilisha magogo yaliyooza, wakapaka gurudumu mafuta ya mkia wa kondoo, wakapitisha kamba, upande mmoja pipa, upande wa pili maksai wangu. Ng'ombe akishuka njia ya kilimani, pipa linapanda limejaa. Kazi safi.

Ila ng'ombe hakushuka. Walimwita, walimwimbia, walimbembeleza kwa majani ya viazi. Kumpiga ni mwiko. Kumpigia mluzi, kama tunavyofanya shambani, ni mwiko mwingine. Akalala chini akacheua. Mume wangu akamwambia, "Ngosha, nakuomba kama mwanaume mwenzako." Maksai akafumba macho.

Jua lilipokuwa kali shemeji akaja jikoni kwangu amebeba kofia mkononi.

"Shemeji, njoo."

"Wapi?"

"Kwenye duara."

"Mimi ni mwanamke. Nitaharibu madini."

"Leo wewe si mwanamke, shemeji. Leo wewe ni sehemu ya kamba."

Nilimaliza kwanza kusonga ugali. Kisha nikapanda. Nikasimama nilipoonyeshwa, nje ya mstari wa majivu waliouchora, nikamwambia maksai kwa Kisukuma maneno ninayomwambia kila siku, ambayo si ya kwaya. Akanyanyuka. Akashuka njia polepole, kamba ikakaza, gurudumu likalia kama nguruwe, na pipa likachomoza limejaa maji ya rangi ya kijivu. Wanaume wakapiga kelele kama wamemwona mtoto akizaliwa. Nilikataa maji yale yasielekezwe visimani kwetu. Wakachimba mfereji wa kuyapeleka upande wa pili, kwenye mawe matupu.

Kazi ilienda kiangazi chote kilichobaki. Nakiri nilifurahi. Mwanamke wa rika langu alikuwa hapati mahali pa kukaa na kutazama wanaume wakifanya kazi. Mama mkwe naye alipanda akakaa kwenye jiwe na kapu lake la choroko, akatazama gurudumu linazunguka. "Lilikuwa linalia hivihivi," akasema. "Mume wangu alikuwa anajua saa kwa kilio chake."

Maji yakaisha. Shemeji akashushwa na nyundo na moko, ile patasi ndefu ya wachimbaji, na tukasikia anagonga huko chini. Akapandishwa tope mpaka kwenye kope, ameshika jiwe. Akalipasua. Liling'aa. Mume wangu akalivua koti, nadhani ni mara ya kwanza tangu alinunue, akacheza pale juu ya vifusi mpaka vijana wakaona aibu ya miguu yao.

Wakamwita mtaalamu kutoka Mwanza, mtu wa madini mwenye vichupa vya dawa. Akapima, akatikisa, akapima tena. Akasema risasi ipo, tele. Fedha nayo ipo.

"Iko wapi?" shemeji akauliza.

"Imo ndani ya risasi. Kama chumvi ndani ya mboga. Unaionja, lakini huwezi kuiokota. Mpaka uwe na tanuru kubwa, kiwanda."

Wanaume wote wakatazama lile shimo. Mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka hadharani tangu niolewe, na nilipoanza mama mkwe akaanza, na mwisho mume wangu akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Wavuvi wa Kalemela ndio waliowaokoa. Walikuja na punda wao kama zamani, wakabeba mawe kwa ajili ya nyavu, wakaacha dagaa na sangara wakavu. Kila mchimbaji alirudi kwake na gunia linalonuka ziwa. Mume wangu aliweka la kwetu mbele ya mlango, akasimama kando yake. "Mama watoto," akasema, "madini hayo."

Mawingu ya kwanza yalipotokea, duara likabaki tupu. Msukuma anaweza kusikiliza habari ya fedha, lakini akisikia ngurumo anatafuta jembe. Hata shemeji alivua buti. Mvua ikanyesha, udongo ukalainika, kila shamba likawa na plau na watu wanapiga miluzi. Mimi nilikuwa na maksai mwekundu aliyekuwa anazunguka shambani akimtafuta mwenzake, na mweusi amesimama zizini na ushanga wake ananitazama.

Jirani yangu akapita na ng'ombe wake. "Mayu, mwaka huu unalima na masamva?"

"Wewe lima," nikamwambia. "Matuta yako yananyooka leo? Ya mwaka jana yalikuwa kama njia ya nyoka."

Lakini alipopita nilikaa chini ukingoni mwa shamba. Ukichelewa kupanda pamba, umeikosa. Nilijua hivyo, na watoto wangu walijua hivyo, walikuwa wananitazama kutoka mlangoni. Mbuzi wangu mmoja alikuwa amefungwa pale karibu, anazunguka nguzo yake na kujiviringisha kamba. Nikanyanyuka kumfungulia. Nikaweka mkono juu ya nguzo. Ilikuwa ya zege, ya Mzungu.

Nikatazama nguzo nyingine kule chini, na nyingine, mstari mzima ukizunguka shamba letu na kulirudisha kilimani. Shamba lilikuwa ndani ya mgodi. Walisema wenyewe, walimng'olea baba mkwe mtama kwa sababu hiyo. Kama shamba ni la kilima, basi kulilima ni kazi ya kilima.

Nilimweleza mume wangu. Akashtuka. "Usitamke! Miaka yote tunasema ni shamba la ukoo. Ukisema mbele ya watu ni la mgodi, siku mwenye mgodi akija atalichukua."

"Siku akija atalikuta limelimwa. Nisipolima atalikuta na njaa yetu imekaa katikati."

Mfumu akaitwa. Alikuja na fimbo yake, na nusu ya kijiji nyuma yake, wameacha plau zao zisimame ili waone nitakavyoshindwa. Mama mkwe akatangulia. Alionyesha nguzo moja, ya pili, akaendelea. Moja haikuonekana. Shemeji akasema, "Hapa mpaka umekatika, shemeji, rudi nyumbani." Mama mkwe akakigonga kichuguu kwa kisigino. "Imo humu." Wakakibomoa, na nguzo ilikuwa humo, mchwa wameijengea nyumba.

"Mume wangu alisimama hapa," mama mkwe akamwambia mfumu, "akatazama mtama wake unang'olewa. Wakamwambia hii ni ardhi ya kilima. Alilia siku hiyo. Mimi nilimwona. Kama ilikuwa ya kilima siku ya kumliza, ni ya kilima na leo."

Hakuna aliyetania tena. Mfumu akazunguka mpaka wote kwa miguu yake, polepole, sisi nyuma. Akasimama mbele yangu.

"Basi kilima kilime," akasema. "Na kapu la kwanza la mtama wa humu liwekwe mdomoni mwa shimo. Wewe utalipeleka mwenyewe."

"Nitalipeleka."

"Najua utalipeleka." Na nadhani, sitaapa, mdomo wake ulisogea kidogo upande.

Nilimfunga nira mbele ya watu wote, ushanga ukiwa kwenye pembe. Yule mwekundu alipoona mwenzake alilia kama ndama. Nilitamka neno moja tu, na plau ikazama kwenye udongo mweusi, na mstari wangu wa kwanza ulinyooka kutoka nguzo mpaka nguzo. Jirani alitazama mpaka mwisho wa shamba, kisha akarudi kwenye njia yake ya nyoka.

Alilima miaka mingi yule maksai. Mume wangu hakuweza kumuuza, wala kumtoa mahari wana wetu walipooa, ingawa alimtazama mara nyingi. Mtama wa kilima nilipeleka kila mavuno, ngedere wakala, hiyo si kazi yangu. Mwenye mgodi naye kweli alikuja, au watu wake, na gari na ramani. Wakasimama shambani wakamuuliza shemeji, "Hili shamba ni la nani?"

"La ng'ombe," shemeji akasema, akamwonyesha.

Walimtazama maksai, naye akawatazama. Wakachukua vipande vya mawe, wakaondoka, hawajarudi.

Alikufa kwa uzee, meno yameisha, kiangazi, amelala kwenye kona ya chini ya shamba. Nilikuwa nimeshakuwa bibi. Ng'ombe wa masamva haliwi, anazikwa, kwa hiyo niliwaita walewale wa duara waje wachimbe. Walikuja na mvi zao. Mume wangu alikuja na lile koti, limebaki mifupa. Udongo ulikuwa mkavu kama tofali, ikabidi shemeji akaitafute nyundo na moko ya zamani.

"Nyama yote hii, shemeji," akasema akiwa shimoni.

"Chimba."

"Miaka yote hii nimemtazama."

"Chimba, nimesema."

Akagonga. Mlio ukabadilika. Akainama, akafuta kwa kiganja, akanyanyuka na jiwe jeusi zito, akalipasua kwa nyundo. Liling'aa kama sufuria mpya. Ule mkanda wa Wazungu ulikuwa umeshuka mpaka hapa, chini ya pamba yangu. Mama mkwe alishatutangulia zamani, ningependa angeliona. Shemeji alilitazama jiwe, akanitazama mimi. Mume wangu naye akanitazama. Wazee wazima wanangoja kama watoto waliookota yai.

"Shimo limetosha," nikasema.

Shemeji akashusha pumzi. Tulipomteremsha maksai, aliliweka lile jiwe chini ya kichwa chake, kama mto, akampangusa vumbi kwenye ushanga. Kisha wakafukia.

Pamba ya kona ile huwa ndefu kuliko nyingine. Watu wanasema ni masamva. Mimi nimelima maisha yangu yote, najua mbolea.